Peremende za tangawizi mbichi zinanata kabla ya kuuzika: tatizo ni moto, ndimu au hewa ya pwani?

Bint wa Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum ndugu zangu, na shikamoo kwa wote mlionizidi umri. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa shira na vitu vitamu kuhusu peremende za tangawizi mbichi, zile ngumu za kumumunya, ambazo nimekusudia kuziuza kwa chupa katika duka la kaka yangu karibu na gati. Wateja wapo. Wasafiri wa mashua za Faza na Kizingitini huulizia kitu kikali cha kutia mdomoni ili kichefuchefu kitulie, na wazee wa barazani wanalalamika kwamba peremende za dukani zina harufu ya tangawizi tu, ukali wake hawauoni.

Njia ninayoifuata ni hii. Naiparuza tangawizi, naikamua kwa kitambaa, napata maji yake kama nusu kikombe. Maji hayo nayatia kwenye vikombe viwili vya sukari pamoja na maji ya kawaida kidogo na ndimu moja nzima iliyokamuliwa, kisha nachemsha kwenye jiko la makaa huku nikikoroga mpaka shira igeuke rangi ya asali. Nikiitonesha kwenye bakuli la maji na nikaona imeshika, naimimina kwenye sinia lililopakwa mafuta.

Zikipoa huwa ngumu na hung'aa vizuri, lakini kufikia asubuhi zimetoa jasho na kushikana zote kuwa donge moja. Pia hutokea kinyume chake, yaani zinapoteza mng'ao zikiwa bado siniani, zinakuwa nyeupe na kumomonyoka kama kashata iliyokauka. Vilevile kuna utando wa unga unaotulia chini ya sufuria na kuungua kabla shira yenyewe haijaiva. Ningependa kujua kosa liko wapi hasa, na kama itanibidi niache tangawizi mbichi nitumie ya unga. Mbichi sipendi kuiacha, kwa sababu harufu yake ndiyo biashara yenyewe.

Mpika Halua (Malindi)

Wa aleikum salaam, dadangu. Tangawizi mbichi usiiache. Peremende zako hazijaiva, na hilo ndilo la kwanza. Sisi watu wa pwani tumezoea shira ya kaimati, inayotolewa motoni mara inapoanza kuvuta uzi, na sukari ya kashata, ambayo nayo haiendi mbali sana. Shira ya peremende hupita vituo vyote hivyo na kuendelea, mpaka karibu maji yote yameondoka ndani yake, kwani sukari iliyobaki na maji hata kidogo huonekana ngumu siku ya kwanza kisha ikalegea.

Unaposema shira "imeshika" ndani ya bakuli, sijui imeshika namna gani, maana tofauti ni kubwa. Tone likikusanyika na kuwa laini kama unga wa chapati, shira iko kwenye nyuzijoto 115 hivi. Likiwa gumu lakini bado linabonyea ukilibana kwa vidole, ni kama 125. Likivutika kuwa nyuzi zinazopinda kabla ya kukatika, umefika 135 au 140, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakatoa sufuria. Peremende inataka kati ya 149 na 154. Tone la hapo ukilitoa majini huvunjika "kach" bila kupinda hata kidogo, na ukilitafuna halishiki kwenye jino. Maji ya bakuli yawe ya barafu, tena uyabadilishe kila unapopima, kwa sababu maji yetu ya mfereji yana uvuguvugu na tone linalotumbukia humo litakupa habari za uongo.

Rangi usiitegemee kabisa. Sukari nyeupe ikifikia nyuzijoto 150 bado huwa na rangi hafifu sana ya majani makavu, hivyo ukiona rangi ya asali mapema, ujue kilichoungua ni ule utando wa chini. Utando huo ni wanga wa tangawizi. Ukishakamua maji ya tangawizi yaweke kwenye gilasi na uyaache yatulie nusu saa bila kuyatikisa. Utaona tabaka jeupe limekaa chini kama chokaa. Mimina maji ya juu taratibu na lile tabaka ulitupe, kisha uyapitishe maji kwenye melimeli iliyokunjwa mara mbili. Nyuzi na wanga vikibaki huleta povu jingi, huifanya peremende kuwa na ukungu, na huungua.

Mimi sikamui moja kwa moja. Nachukua tangawizi iliyokomaa, ile yenye ngozi ngumu na nyuzi nyingi, kwa sababu tangawizi changa ina maji mengi na ukali mdogo. Gramu 150 hivi naziosha, nazimenya, naziponda kinuni, nazichemsha kwa moto mdogo katika vikombe viwili vya maji, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa dakika ishirini. Nachuja, naacha yatulie, nachuja tena, na hapo napata maji yenye nguvu ya kutosha gramu 400 za sukari. Kikombe kimoja chatosha, kwa kuwa maji yote hayo utayachemsha yaondoke, na kila kikombe cha ziada ni muda wa ziada ambao harufu inapotea hewani.

Jingine ni mwiko. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote, shira isianze kuchemka kabla ya hapo, kisha mwiko uuweke mbali. Kukoroga shira inayochemka ndiko kunakoleta ule weupe na kumomonyoka. Chembe moja ya sukari iliyoganda pembeni mwa sufuria ikianguka ndani huwaita wenzake, na shira nzima inarudi kuwa sukari. Mara inapoanza kuchemka, funika sufuria dakika mbili tatu ili mvuke uzioshe kuta zake, kisha funua na usifunike tena.

Mwalimu wa Kemia (Mkomani, Lamu)

Nimesoma maelezo ya fundi wetu wa Malindi na nayaunga mkono, ila suala la ndimu linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu hapo ndipo ninapoona chanzo cha jasho la peremende hizi hata kama moto ungekuwa sawa.

Sukari ya kawaida, yaani sukrosi, ikichemshwa pamoja na tindikali hugawanyika sehemu mbili, glukosi na fruktosi. Mchanganyiko huo ukiwa kidogo ni rafiki, kwa kuwa molekuli zake huingia kati ya zile za sukrosi na kuzizuia kujipanga kuwa chembe. Ndiyo maana wapishi hutia ndimu. Lakini fruktosi ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani kwa nguvu kubwa. Ndimu nzima kwenye vikombe viwili vya sukari ni nyingi mno, na kwa vile ndimu hazilingani kwa ukubwa wala kwa ukali, kila siku unakuwa na mchanganyiko tofauti. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kinatosha kwa gramu 400 za sukari. Ukitaka harufu ya ndimu isikike mdomoni, tia maganda yake yaliyoparuzwa wakati wa kuchemsha tangawizi, kwa kuwa iko kwenye mafuta ya ganda.

Bora zaidi ni kuiacha ndimu kabisa na kutumia glukosi ya maji, ile nzito inayovutika ambayo wapika keki huinunua kwa kopo, gramu 100 hadi 130 kwa sukari hiyo hiyo. Hiyo haina fruktosi, na ndani yake mna minyororo mirefu ya sukari inayoifanya shira iwe nzito na kuzuia chembe bila kuongeza sana uchu wa maji. Tafadhali usiichanganye na glukosi ya unga inayouzwa madukani kwa ajili ya wagonjwa na wanamichezo. Ile ni glukosi tupu, haina minyororo hiyo, na haifanyi kazi ile ile.

Kuhusu hewa, peremende ngumu ni kioo cha sukari, na kioo hiki kinabaki kioo maadamu maji ndani yake hayazidi asilimia mbili au tatu. Unyevu wa hewa ya Lamu ni mwingi mwaka mzima, na wakati wa masika, kuanzia Aprili hadi Juni, huwa mbaya zaidi. Uso wa peremende hunywa maji, unayeyuka na kuwa shira nyembamba, na shira hiyo ndiyo gundi inayozishikanisha. Saa za siku pia zina maana: unyevu wa hewa huwa juu kabisa usiku na alfajiri, na hushuka mchana jua linapokuwa kali. Kwa hivyo pika adhuhuri ikikaribia, ili ukataji na ufungaji ufanyike mchana, usipike baada ya isha ukaacha sinia wazi mpaka asubuhi. Friji nayo uiepuke, kwani peremende baridi ikitolewa nje hufanya umande juu yake kama gilasi ya sharubati.

Tangawizi kali ni suala la pekee. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na jinjeroli. Tangawizi inapokaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, ilhali harufu ile ya kama ndimu iliyomo kwenye mafuta mepesi ya tangawizi mbichi hupungua. Kwa hiyo mbichi na kavu zina kazi tofauti na waweza kuzitumia zote mbili: maji ya mbichi yaingie mwanzo, na nusu kijiko cha chai cha tangawizi kavu iliyosagwa laini na kuchungwa uikoroge mwishoni, sufuria ikiwa imeshatolewa motoni. Usije ukatia maji ya tangawizi mwishoni kwa kutafuta ukali. Shira ya nyuzijoto 150 itayarusha usoni mwako, na maji yatakayobaki ndani yatakurudisha kwenye kunata.

Nahodha Mstaafu (Shela)

Mwanangu wa Langoni, Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Mimi si mpishi, lakini nimeishi na tangawizi baharini, na marehemu mama alikuwa akitengeneza vidonge vya tangawizi kwa asali na sukari guru, vyeusi, vitamu, vikali vya kutoa machozi. Havikuwa na glukosi wala kipimajoto. Sasa namwuliza Mwalimu, kwa heshima, kwa nini tusirudi huko? Asali ya bara inapatikana, na sukari guru ina ladha ambayo sukari nyeupe haina hata ukiipika mpaka kesho.

Mwalimu wa Kemia (Mkomani, Lamu)

Shikamoo mzee wangu. Ladha sikubishii. Vidonge vya aina hiyo, kwa ninavyovijua, huwa laini, vinatafunika, na vililiwa nyumbani baada ya siku chache vikiwa vimevingirishwa kwenye unga. Bint anataka peremende ngumu itakayokaa dukani ndani ya chupa inayofunguliwa kila mara, na hapo asali inamsaliti, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni fruktosi na glukosi. Huvuta unyevu kwa nguvu na huungua mapema shira ikiwa bado iko njiani. Sukari guru nayo huja na unyevu wake, madini, na sukari iliyokwisha kugawanyika. Akiipenda ladha yake anaweza kuiweka robo ya sukari yote, aichuje ikiwa imeyeyuka kwa sababu mara nyingi ina takataka za miwa, na apike kwa moto wa wastani. Zaidi ya hapo atauza donge.

Bint wa Langoni (Lamu)

Ahsanteni sana, nyote mmenifungua macho. Nina maswali yaliyobaki. Kipimajoto nimeahidiwa na jamaa anayekuja kutoka Nairobi. Je, vipimo vya huko na vya hapa ni sawa? Jiko langu ni la makaa, na upepo wa bahari huufanya moto upande na kushuka. Pia sijaelewa namna ya kuzikata, kwa sababu nikichelewa kidogo tu sinia zima linakuwa kigae. Na mwisho, lile donge lililoshikana, kilo nzima, nilitupe?

Mpika Halua (Malindi)

Usitupe, dadangu, sukari ina bei. Tutalifikia.

Kipimajoto ukikipata, kijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka. Hapa pwani tuko usawa wa bahari, kwa hivyo kinapaswa kusoma 100. Kikisoma 97, basi kinapungua nyuzi tatu, nawe toa peremende kikisoma 147 badala ya 150. Jamaa yako akitaka kupika huko kwake Nairobi atakuta maji yanachemka kwenye 94 hivi kwa ajili ya mwinuko, na itambidi apunguze nyuzi sita kwenye kipimo chochote alichosoma kwenye maelezo ya watu wa usawa wa bahari. Ncha ya kipimajoto izame ndani ya shira bila kugusa chini ya sufuria.

Jiko la makaa linafaa, ila liweke kwenye kona iliyokingwa na upepo na utumie sufuria nzito yenye nafasi, angalau mara tatu ya ujazo wa shira, maana shira ya tangawizi hupanda. Makaa yawe yameshika yote kabla ya kuanza. Kuongeza makaa mabichi katikati kunauzubaisha moto. Tazama mapovu. Mwanzoni ni mepesi, yanapanda na kupasuka haraka, na joto linakwenda polepole kwa sababu maji bado ni mengi. Maji yakipungua, mapovu huwa madogo, mazito, yanapasuka kwa uvivu, na kuanzia nyuzijoto 130 joto hupanda upesi kuliko ulivyozoea. Hapo usiondoke hata kama mtu anabisha hodi. Punguza makaa kwa koleo ukifika 140, na ukifika 150 toa sufuria uikalishe chini yake kwenye maji baridi kwa sekunde chache tu, kwa kuwa sufuria nzito huendelea kuipika shira hata ikiwa imetoka motoni. Bakuli kubwa la maji baridi liwe karibu nawe muda wote na watoto wasiwepo jikoni. Shira ya joto hilo ikikugusa hushika kwenye ngozi na kuendelea kuunguza, si kama maji yanayotiririka yakaondoka.

Kukata kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumimina kwenye karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta kidogo, usubiri mpaka kingo zianze kushika lakini katikati bado panabonyea, kisha upige mistari ya miraba kwa kisu kirefu kilichopakwa mafuta. Pitisha kisu kwenye mistari ile ile mara ya pili na ya tatu kadiri inavyopoa, halafu uiache ipoe kabisa. Utaivunja kwa mkono kwenye mistari. Ya pili, ambayo naipendelea kwa kuuza, ni kuchota kwa kijiko cha chai na kutonesha vidonge kimoja kimoja kwenye karatasi. Havilingani, lakini havina ncha kali za kukata ulimi. Sufuria ikianza kugandia, irudishe kwenye moto mdogo sana kwa muda mfupi.

Zikipoa tu, wala usingoje chai ya alasiri, zivingirishe kwenye sukari ya unga iliyochanganywa na unga laini wa mahindi, chunga uliozidi, na ufunge kila moja kwenye karatasi ya nailoni uisokote ncha zote mbili. Dukani tumia chupa ndogo nyingi kuliko moja kubwa, kwa sababu kila kifuniko kikifunguliwa hewa ya gati inaingia. Chini ya kila chupa weka kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu bila mafuta ukapoa. Mwambie kaka yako pia asiwape watoto wadogo wasiojua kumumunya, kwani kitu kigumu cha mviringo huwakaba.

Ukifikiria kuuza wakati wa Maulidi, wageni wanapojaa mjini, kumbuka Mfungo Sita, ndio mwezi wa Maulidi, huzunguka mwaka mzima, ukirudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, hivyo kuna miaka utaangukia kiangazi cha kaskazi na kuna miaka utaangukia mvua. Mwaka wa mvua pika kidogo kidogo kila siku mbili, usijaze ghala.

Sasa lile donge. Livunje, litie sufuriani na kikombe cha maji, liyeyuke lote kwa moto mdogo. Kwa kuwa tayari lina ndimu nyingi, usilipike tena kuwa peremende; litanata vile vile. Lichuje, lichemshe mpaka lianze kuvuta uzi, na utakuwa na shira ya tangawizi ya kaimati kwa wiki nzima. Ile iliyogeuka nyeupe na kumomonyoka ni habari nyingine: hiyo iyeyushe kwa maji, ongeza glukosi aliyoitaja Mwalimu, uianze safari upya mpaka 150, nayo itatoka safi ila rangi yake itakuwa imekolea kidogo.

Nahodha Mstaafu (Shela)

Kaimati za shira ya tangawizi zikiwa tayari, mwanangu, mtume kijana yeyote Shela kwa mashua. Mdila wa kahawa uko motoni.